Kabla ya Copacabana, Valongo

  

Juzi baada ya alasiri mpwa wangu alikuja kunitembelea. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mtaratibu asiyependa makuu. Alikaa mkekani, akanywa chai, akanyamaza kidogo, kisha akatoa daftari mfukoni. "Mjomba," akasema, "nimedunduliza miaka mitano. Nataka kwenda Brazili, nikauone mji wa Rio de Janeiro kwa macho yangu. Nimekuja unipe baraka, na unisaidie kupanga."

Baraka nilimpa papo hapo. Kupanga ndiko kulikotuchukua mpaka Magharibi, na nimeona tuzungumze sote leo, wasikilizaji, maana mwenye hamu hiyo si yeye peke yake. Vijana wetu wamekua na tamthilia za Kibrazili kwenye televisheni. Wako wanaoijua Rio ya kwenye kioo vizuri kuliko Maputo, mji mkuu wa nchi yao.

Katika daftari lile ukurasa wa kwanza ulikuwa na orodha: ufuo wa Copacabana, ufuo wa Ipanema, sanamu ya Kristo, mlima wa Pão de Açúcar, uwanja wa Maracanã, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, Karnivali. Orodha nzuri, sikukata hata kimoja. Nilimwomba kalamu, nikaandika juu kabisa, kabla ya Copacabana, neno moja: Valongo. Hakulijua. Akaniuliza ni ufuo gani huo. Nikamwambia atulie, tutafika. Kwanza tuiweke sawa safari.

Kwa mtu wa Tungue, pwani hii yetu ya Palma, sehemu ngumu iko mwanzoni, hapa hapa kwetu. Tangu vita vilipozuka Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, njia ya kwenda Pemba kupitia Mocímboa na Macomia haiendwi kwa mazoea. Msafiri anaulizia habari kwanza, anasubiri wenzake, anaaga nyumbani vizuri. Akifika Pemba anapanda ndege hadi Maputo, na huko ndiko uliko ubalozi wa Brazili. Mambo ya viza nilimwambia ayaulize ubalozini kwenyewe, kwa mdomo wake, asisikilize ya vijiweni, kwa sababu masharti hubadilika na anayeumia ni mwenye tiketi. Kutoka Maputo hakuna ndege inayokwenda Rio moja kwa moja. Watu hupitia Johannesburg, Luanda au Addis Ababa, na aghalabu hushukia São Paulo kwanza, ndipo waunganishe. Achanje homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na kadi ile ya chanjo aitunze pamoja na pasipoti, maana huko anakokwenda ugonjwa huo upo, na akirudi ataulizwa.

Jambo moja limeturahisishia sana, nalo ni lugha. Kireno alichokisoma shule kitamfikisha kila mahali Rio. Tusisahau lakini Kireno hicho kilitufikiaje. Tungue hii ilikuwa na liwali wa Sultani wa Zanzibar. Mwezi Februari 1887 manowari za Ureno zikaipiga mizinga na kuitwaa kutoka kwa Sayyid Barghash. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Mei 1888, Brazili ikafuta utumwa, ikiwa nchi ya mwisho katika Amerika nzima kufanya hivyo. Nazitaja tarehe hizi mbili pamoja kwa makusudi. Wakati babu zetu hapa wanaingia chini ya bendera ya Ureno, kule Rio walikuwako wazee waliotolewa pwani hii wakiwa watoto, ambao Kireno walikuwa wamekizungumza maisha yao yote, na ndiyo kwanza wanaambiwa kwamba wako huru.

Pamoja na hayo, Kireno cha kule kina mitego yake. Sisi tunapanda "machimbombo", wao wanapanda "ônibus". Sisi tunasema "comboio", wao "trem". Asubuhi sisi tunakula "mata-bicho", wao wana "café da manhã". Hayo ni madogo, mtu atachekwa kidogo na maisha yataendelea. Lakini "rapariga", ambaye kwetu ni msichana tu, sehemu nyingi za Brazili ni tusi zito kwa mwanamke. Na "bicha", ambayo kwetu ni foleni ya watu dukani, kule ni tusi vilevile. Aseme "moça", aseme "fila". Nilimwandikisha maneno hayo manne na kumtaka ayarudie mpaka yamkae mdomoni, kwa sababu mgeni aliyetukana bila kujua hapewi nafasi ya kueleza.

Sasa ufuo. Ninyi mnaijua ghuba yetu. Rongui, Tecomaji na Vamizi vinakaa mbele kama kuta, na miamba inalivunja wimbi kabla halijafika mchangani. Siku za bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, na yakipwa, kina mama wanashuka na ndoo zao mbali kabisa, mpaka unawaona kama nukta. Copacabana si hivyo. Ni mchanga wa kilomita 4 hivi uliojipinda kama upinde, majengo nyuma, bahari kuu mbele, na hakuna mwamba wa kulizuia wimbi. Kujaa na kupwa kwake hakufiki hata mita moja na nusu, kwa hiyo hakuna uwanda unaofunuka, hakuna kuokota chaza, na mtoto wa pwani anayejiamini kwa kuwa alizaliwa mashuani anaweza kuburutwa na mkondo akiwa hatua chache tu kutoka nchi kavu. Bendera nyekundu ikipandishwa asiingie. Simu asiitembeze mkononi barabarani. Na vilimani wanakoishi watu wa favela asiende peke yake kama mtu anayekwenda kutazama wanyama. Aende akialikwa, na mwenyeji wake akiwapo.

Hapo ufuoni atawakuta wanauza madafu ya baridi. Nikamwambia, mpwa wangu, utakaposhika dafu lile ujue umeshika kitu cha kwenu. Mnazi haukuwako Brazili. Ulifika Bahia katika karne ya 16, ukitokea visiwa vya Cabo Verde, na Cabo Verde ilipata mbegu kutoka Bahari yetu ya Hindi baada ya Wareno kuizunguka Afrika. Wao nao walitupa vyao. Muhogo, huu tunaoukausha kwenye mabati kila kiangazi, asili yake Brazili. Mkorosho, ambao familia ngapi hapa zimesomeshea watoto, asili yake Brazili. Hata neno "mkanju" wanalolitumia wazee ni "caju" ya Kireno, na Wareno waliliokota kwa wenyeji wa kule, Watupi, waliouita mti huo "acaju". Kwa hiyo akikaribishwa mezani asijione mgeni. "Farofa" ni unga wa muhogo uliokaangwa. "Moqueca" ya Bahia ni samaki wa nazi, kasoro yake kwa ulimi wetu ni yale mafuta mazito ya mawese. Ila "feijoada", wali na maharage yao meusi wanayoyapenda sana Jumamosi, mara nyingi ina nyama ya nguruwe. Aulize kabla ya kutia kijiko.

Kuhusu sala sikumficha kitu. Misikiti kule si kila mtaa. Upo mmoja upande wa Tijuca, na siku nyingine atasali chumbani alikofikia. Lakini nikamwonyesha kitu kimoja kwenye ramani ambacho kilimfanya anyamaze. Hapa Tungue tunaposimama kusali tunaelekea kaskazini, karibu moja kwa moja. Rio kibla iko mashariki, ikielekea kidogo kaskazini. Maana yake akisimama pale kuswali, mbele yake kuna Atlantiki, na baada ya Atlantiki kuna Afrika. Kila sala ataelekea huku.

Basi tukafika Valongo.

Mwaka 1808 familia ya kifalme ya Ureno, ikimkimbia Napoleon, ilihamia Rio na baraza lake lote. Mji ukafura. Mashamba yakahitaji mikono zaidi, na mikono hiyo ilinunuliwa Afrika. Mwaka 1811 wakajenga gati la mawe mahali panapoitwa Valongo, ili watumwa washushwe huko, mbali na macho ya waheshimiwa wa mjini. Mwaka 1815 Ureno ilikubali, kwa kubanwa na Waingereza, kuacha biashara hiyo kaskazini ya ikweta. Sisi tuko kusini ya ikweta. Wafanyabiashara wakaelekeza meli zao zaidi upande huu: Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane, Inhambane. Ibo, kusini yetu kidogo, ilikuwa soko la watu tangu karne ya 18. Waliteremshwa kutoka bara wakiwa wamefungwa: Wamakua, Wayao, Wamakonde na wengine wengi.

Aliyepakiwa Luanda alikaa baharini mwezi mmoja na siku chache. Aliyepakiwa upande huu alilazimika kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, baridi na mawimbi, miezi miwili na zaidi, chini ya sitaha. Kwa hiyo waliotoka kwetu ndio waliokufa wengi zaidi njiani. Na waliofika, wengi wao waliandikwa katika vitabu vya Rio kwa neno moja tu: "Moçambique". Mmakua, Mmakonde, Myao, mtu wa Ibo, mtu wa kando ya Ruvuma, wote "Moçambique". Jina la kikristo walipewa, la mama hawakuulizwa.

UNESCO inasema Waafrika wapatao 900,000 walikanyaga mawe ya Valongo. Hakuna mji mwingine wa bandari Amerika uliopokea Waafrika wengi kuliko Rio. Biashara pale ilisimama mwaka 1831, sheria ilipoipiga marufuku, ingawa meli za magendo ziliendelea kushusha watu fukwe nyingine mpaka mwaka 1850 na baadaye kidogo. Kisha wakapafukia. Mwaka 1843 walijenga gati jipya juu yake, la kumpokea mke wa mfalme wao, Teresa Cristina, na baadaye wakafukia hata hilo wakajenga uwanja. Bahari yenyewe ikasukumwa mbali kwa kifusi. Ilikuwa mwaka 2011, walipochimba kuutengeneza mji kwa ajili ya Olimpiki ya 2016, ndipo mawe yalipotokea tena. Pamoja nayo zikatoka shanga, hirizi, viko na pete: vitu vidogo ambavyo mtu alikuwa amefanikiwa kuvificha au kuvitengeneza. Tarehe 9 Julai 2017 mahali hapo pakaandikwa kuwa urithi wa dunia.

Hatua chache kutoka hapo, mtaa wa Pedro Ernesto, kuna nyumba ya kawaida. Mwaka 1996 mume na mke wenye nyumba hiyo walikuwa wakiifanyia ukarabati, na mafundi wakakuta mifupa ya watu. Walikuwa wameishi juu ya makaburi. Hapo ndipo walipotupwa "pretos novos", yaani weusi wapya, wale waliofika Rio wakafa kabla ya kununuliwa. Inakadiriwa ni kati ya watu 20,000 na 30,000. Nasema walitupwa kwa sababu hakukuwa na sanda, hakukuwa na jeneza, hakukuwa na mtu wa kumshika mwenzake mguu na kichwa. Mifupa ilivunjwa na kuchomwa ili wengine wapate nafasi. Wenye nyumba wale wangeweza kufukia na kunyamaza, kama mji wote ulivyonyamaza. Hawakufanya hivyo. Waliwaita wataalamu, na mwaka 2005 wakaifungua nyumba iwe taasisi ya kumbukumbu. Mimi watu hao sijawaona, lakini nawaombea kila ninapowakumbuka.

Katika mifupa ile yamo meno yaliyochongwa kwa makusudi. Desturi hiyo ilikuwa sehemu nyingi za Afrika, siwezi kusema kila jino ni la kwetu. Lakini mchoraji mmoja wa Kijerumani, Johann Moritz Rugendas, aliyekaa Brazili miaka ya 1820, alichora sura za watu alioambiwa ni "Moçambique", na nyusoni mwao kuna chale. Wanaomkumbuka bibi wa Kimakonde wa uwanda wa juu, uso wake na mdomo wake, hawatahitaji kuelezwa.

Mpwa wangu aliniuliza swali la haki: "Mjomba, mimi nakwenda kufurahi. Unanipeleka makaburini?"

Nikamjibu hivi. Sisi watu wa Tungue tunajua maana ya kung'olewa. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, watu walikimbilia msituni, wakakimbilia ufuoni, wakaingia baharini kwa chochote kinachoelea. Wako waliofika Pemba wakiwa na nguo za mwilini tu, na wako ambao hadi leo ndugu zao hawajui walikoishia. Tuliporudi, kitu gani tulikifanya kwanza? Tulikwenda kuhani. Nyumba kwa nyumba tuliuliza nani hayupo, tukakaa na wafiwa, ndipo tukaanza kuezeka mapaa. Hakuna aliyeona kuwa kuhani kunaharibu furaha ya kurudi nyumbani. Na Rio iko nyumba ya msiba ambayo haijawahi kupata mtu wa kwetu wa kuja kukaa na wafiwa wake. Kijana wa Tungue akipita mlango wake akaenda kuogelea kwanza, atakuwa amekosa adabu aliyofunzwa na mama yake.

Baada ya hapo aende popote. Ampandie Kristo mlimani kama anataka: mlima una mita 710, sanamu ilizinduliwa mwaka 1931. Aende Maracanã. Jumatatu usiku aende Pedra do Sal, mwendo wa miguu kutoka Valongo, wanapokaa watu barabarani na kupiga samba. Ataisikia ngoma na atajua mwenyewe imetoka wapi. Kule bara, mkoa wa Minas Gerais, wako watu wanaocheza ngoma ya kidini wamevaa njuga miguuni, na kikundi chao kinaitwa Moçambique mpaka leo. Jina lile lile la kwenye vitabu vya watumwa wamelifanya jina la heshima.

Kilichobaki ni wakati wa kwenda, na hapo tulivutana. Yeye alitaka Karnivali. Nikamwambia Karnivali huja Februari au mapema Machi, joto kali, mvua za kushtukiza, na vyumba vya kulala bei yake hupanda kupita kiasi. Tena kwa miaka hii Ramadhani nayo inaangukia karibu na siku hizo hizo. Mwezi wa Julai, huku kwetu kusi likivuma, Rio ni kipupwe: mvua chache, maji ya bahari ya baridi kweli, lakini nauli na malazi vina nafuu. Na kila Julai watu wa Rio, wengi wao wanawake wa dini za asili ya Kiafrika waliovaa nyeupe, hukusanyika Valongo na kuyaosha mawe yale kwa maji ya manukato na maua. Dini yao si yetu. Lakini mtu anayeosha mahali walipopita wazee wako, huwezi kukataa kusimama karibu naye. Mpwa wangu atasoma Fatiha yake pembeni, na mwenzetu Mkristo atakayekwenda siku nyingine atasali sala yake.

Alifikiri sana. Mwishoni akafuta neno Karnivali, akaandika Julai.

Ndiyo maana nimekuja hapa leo, wasikilizaji, na ombi. Nyumba nyingi za pwani hii zina habari ya mtu aliyechukuliwa: mjomba wa bibi, dada wa babu, mtoto aliyekwenda kisimani asirudi. Hatujui kama alipelekwa Rio, au Komoro, au Réunion, au Zanzibar. Dua haihitaji kujua hilo. Kama nyumbani kwenu jina bado linatajwa, waulizeni wazee lisije likapotea, na mtuletee hapa kituoni, jina na kijiji. Mpwa wangu ameacha ukurasa wa pili wa daftari wazi. Anaondoka wiki ya kwanza ya Julai, na majina yatakayokuwa yameandikwa atayasoma moja moja, kwa sauti, juu ya mawe ya Valongo.